Kamera Inayopima: Yapasa Kujua Nini Kabla ya Kuliamini Jicho la Mashine

Kwa majuma matatu kijana mmoja wa zamu ya mchana, katika kiwanda kimoja cha maji ya chupa hapa Mombasa, alikuwa haishi kuitwa ofisini. Mashine ya kukagua vizibo ilikuwa ikizitupa chupa nyingi pembeni, na ripoti ya kila siku ilionyesha kwamba nyingi kati yake zilitupwa katika zamu yake, ile ya kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Kwa msimamizi kesi ilikuwa imekwisha: kijana hakazi vizibo sawasawa, au kazi haimo moyoni mwake. Barua ya onyo ilikwisha andikwa, na iliyofuata ingekuwa ya kumwachisha kazi.

"Ami, wallahi mimi sigusi kitu," aliniambia siku niliyoitwa kuitazama mashine. "Naikuta ilivyo, naiacha ilivyo."

Msimamizi naye alinijibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu kamera hizi ziingie viwandani: "Mtu husema uongo. Kamera haisemi uongo."

Makala haya nayaandika kwa sababu ya neno hilo. Kamera haijui uongo wala ukweli. Inahesabu mwanga, basi, na mwanga ukichafuka hesabu nayo huchafuka. Kilichotokea pale kiwandani nitakieleza mbele, maana hakifahamiki bila kwanza kujua kamera hizi ni kitu gani na zinapima vipi. Ninaamini jambo hili linatuhusu sote. Kamera za aina hii ndizo zinazochambua korosho na mchele kwa rangi, zinazosoma namba za kontena bandarini katika nchi nyingi, zinazokagua vidonge vya dawa kabla ya kutiwa paketini. Mali yetu na kazi za watoto wetu zinazidi kuamuliwa nazo.

Si kamera ya kupigia picha

Kamera ya simu imetengenezwa ili imridhishe mtu. Ukipiga picha ya harusi usiku, simu huongeza mwangaza, hulainisha ngozi, hunoa kingo za vitu, na hubadilisha rangi ili keki ionekane tamu. Yote hayo hufanywa bila wewe kuulizwa, na hakuna ubaya, kwa kuwa picha ni ya kumbukumbu.

Kamera ya kupimia haitakiwi kufanya hata moja katika hayo. Mpokeaji wa picha yake ni programu ya kompyuta, na programu haitaki uzuri. Inataka kwamba kitu kilekile, kikiwekwa mahali palepale leo na kesho, kitoe namba zilezile. Kwa hiyo kamera ya kiwandani mara nyingi ni kijisanduku cha chuma tu, kinachoenea kiganjani, hakina kioo cha kutazamia wala kitufe cha kupigia. Kina tundu la kufungia lenzi, tundu la waya wa data, na tundu la kupokea ishara ya umeme inayosema: piga sasa.

Ilivyoanza

Mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Bell Labs nchini Marekani, Willard Boyle na George Smith, walibuni kifaa kinachoitwa CCD, kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme na kuzipokezana safu kwa safu hadi zihesabiwe. Kwa kazi hiyo walishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali ya kubebeka iliyokuwa na pikseli 10,000 tu, na picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kanda ya kaseti.

Viwanda havikukawia. Kampuni ya Cognex ilianzishwa Marekani mwaka 1981 kwa kazi hii hii ya kuipa mashine macho, na Basler ya Ujerumani ikafuata mwaka 1988. Katika miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake, katika maabara ya JPL ya shirika la anga la NASA, waliendeleza kihisi cha aina nyingine, CMOS, ambacho kila pikseli yake ina kikuza umeme chake. CMOS ni cha kasi zaidi na hula umeme mdogo, na kwa miaka mingi sasa ndicho kinachotawala. Sony yenyewe, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa CCD, ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaachana nazo.

Pikseli na hesabu yake

Kihisi ni kigae cha silikoni kilichogawanywa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba ni pikseli. Katika vihisi vingi vya viwandani pikseli ina upana wa mikroni 3.45. Unywele wa binadamu una upana unaokaribia mikroni 70, kwa hiyo pikseli kama 20 zikipangwa mstari mmoja zinaenea katika unene wa unywele. Pikseli za simu ni ndogo zaidi, karibu mikroni 1, na hiyo ndiyo sababu moja ya simu kuwa na megapikseli nyingi huku ikipata shida gizani. Chumba kikubwa hukusanya mwanga mwingi, na mwanga mwingi hutoa hesabu iliyotulia.

Kila pikseli hutoa namba. Kwa biti 8 namba hiyo huanzia 0, yaani giza tupu, hadi 255, yaani mweupe kabisa. Kwa biti 12 ngazi hufika 4,096.

Anayetaka kupima hujiuliza kwanza: eneo ninaloliona lina upana gani, na limegawanywa pikseli ngapi? Ukiona upana wa milimita 100 kwa pikseli 2,000, kila pikseli inawakilisha milimita 0.05. Programu nzuri inaweza kukadiria ukingo wa kitu uko sehemu gani ndani ya pikseli, hata kufikia sehemu ya kumi ya pikseli, lakini hapo mwanga, lenzi na utulivu wa mashine lazima viwe safi. Muuzaji akikupa hesabu ya sehemu ya kumi, muulize aliipata katika chumba gani.

Jambo jingine ni rangi. Kihisi chenyewe hakijui rangi. Kamera nyingi za rangi hufuata mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, uliopata hataza mwaka 1976: juu ya kila pikseli huwekwa kichujio, nusu za kijani, robo nyekundu, robo za buluu, kisha rangi zinazokosekana hukisiwa kutokana na pikseli za jirani. Makisio hayo hulegeza kingo. Kwa hiyo anayepima ukubwa huchagua kamera ya nyeusi na nyeupe, na kamera ya rangi huachiwa anayechambua korosho iliyoungua na isiyoungua.

Muda wa kufungua jicho

Kitu kinachopita kwenye mkanda hakimsubiri mtu. Tuseme mkanda unakwenda nusu mita kwa sekunde, na kamera inakusanya mwanga kwa milisekunde 1. Katika muda huo chupa imesogea nusu milimita, ambayo kwa hesabu yetu ya juu ni pikseli 10. Ukingo unakuwa kama wino uliopanguswa ukiwa mbichi. Ukipunguza muda hadi mikrosekunde 50, chupa imesogea milimita 0.025, nusu ya pikseli, na picha inatulia. Ila mwanga unaoingia umepungua mara 20, na lazima uufidie kwa taa kali.

Kuna pia namna ya kufungua. Vihisi vya bei nafuu, na vya simu karibu zote, husoma safu moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini, hivyo kitu chenye kasi huonekana kimepinda. Umeona pengine picha ya pangaboi lililochukuliwa kwa simu, mapanga yake yamejikunja kama ndizi. Kamera ya kupimia vitu vinavyokwenda hutakiwa iwe na shata inayofungua pikseli zote kwa pamoja na kuzifunga kwa pamoja.

Ipo pia kamera ya mstari, ambayo ina safu moja tu ya pikseli, kwa mfano 2,048 au 4,096. Haipigi picha nzima. Inasoma mstari mmoja kwa kasi kubwa mno huku kitu kikipita mbele yake, na picha hujengeka mstari kwa mstari kama mkeka unavyosukwa. Hiyo ndiyo inayotumika kukagua nguo, karatasi na bati, na katika mashine za kuchambua mchele, kahawa na korosho: kamera ikiona punje yenye doa, mdomo mdogo wa hewa huipuliza nje ya mkondo kabla haijaanguka.

Lenzi

Watu hutumia pesa nyingi kwa kamera kisha wakaweka lenzi ya kubahatisha. Kwa kazi ya kupima, hiyo ni hasara.

Lenzi nyingi za viwandani hufungwa kwa kipimo kiitwacho C, kilichorithiwa kutoka kamera za filamu za milimita 16: tundu la kipenyo cha inchi 1, nyuzi 32 kwa inchi, na umbali wa milimita 17.526 kutoka ukingo wa tundu hadi kwenye kihisi. Kwa hivyo lenzi ya Mjapani hukaa sawasawa juu ya kamera ya Mjerumani.

Tatizo kubwa la lenzi ya kawaida ni kwamba kitu kilicho karibu huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali. Kizibo cha chupa ya maji kina kipenyo kinachokaribia milimita 28. Kamera ikiwa mbali nacho milimita 500, na chupa ikasogea karibu milimita 5 tu kwa sababu mkanda umelegea, kizibo kitaonekana kimekua kwa asilimia 1, yaani milimita 0.28. Kizibo hakikubadilika, ila kamera imeandika kuwa kimebadilika. Dawa yake ni ama kukizuia kitu kisiyumbe, ama kutumia lenzi iitwayo telesentriki, inayopokea miale inayokwenda sambamba tu, hata kitu kikisogea kidogo ukubwa wake haubadiliki. Lenzi hiyo ni nzito, ni ghali, na kioo chake cha mbele lazima kiwe kikubwa kuliko kitu kinachopimwa.

Mwanga, na siri ya zamu ya mchana

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kamera ya pale ilikuwa inatazama kizibo kwa ubavu, na nyuma ya chupa paliwekwa taa pana nyeupe. Huo ni utaratibu mzuri. Kitu huonekana kama kivuli cheusi mbele ya ukuta mweupe, na ukingo wake hukatika wazi. Programu ilipima nafasi baina ya ukingo wa chini wa kizibo na duara la shingo ya chupa. Nafasi ikizidi kiasi fulani, kizibo kilihesabiwa hakikukazwa, na chupa ikatupwa.

Nilichukua chupa zilizotupwa nikazipima kwa kalipa. Karibu zote zilikuwa nzima. Kisha nikaomba ripoti, lakini nilikataa ile ya zamu kwa zamu, nikataka ya saa kwa saa. Hapo jambo likaanza kujieleza. Katika zamu ya kijana, saa ya kwanza ilikuwa shwari. Matatizo yalianza mwendo wa alasiri, yakazidi hadi kama saa kumi na moja na nusu, na jua lilipozama yakakoma, hali kijana yuleyule aliendelea kusimama palepale hadi saa nne usiku. Siku za mawingu mazito hayakutokea. Na siku walipotumia vizibo vya buluu yalikuwa machache kuliko siku za vizibo vyeupe.

Niliinua macho. Upande wa magharibi wa paa paliwekwa mabati mawili ya plastiki yanayopitisha mwanga, ili kuokoa umeme. Alasiri jua lilipoinama, mwanga wake ulipita hapo ukaipiga chupa kwa mbele.

Programu huamua ukingo uko wapi kwa kizingiti. Chukua mfano: ukuta wa taa ni 220, kivuli cha kizibo ni 30, na kizingiti kimewekwa katikati, 125. Palipo chini ya 125 ni kizibo, palipo juu ni hewa. Jua likikipiga kizibo cheupe kwa mbele, kivuli chake hupanda kutoka 30 kufika, tuseme, 120. Sasa kizingiti kimekaribiana na kizibo chenyewe. Pembezoni, ambapo giza na mwanga huchanganyika, programu inaona hewa mahali penye kizibo. Kizibo kinaliwa kingo, nafasi inaonekana imepanuka, chupa inatupwa. Kizibo cha buluu hakirudishi mwanga mwingi kama cheupe, ndiyo maana kilinusurika.

Tulifanya mambo matatu. Tuliyafunika yale mabati na kuijengea kamera kibanda cha bati cheusi. Tulibadilisha taa nyeupe kwa taa ya LED nyekundu, na mbele ya lenzi tukaweka kichujio kinachopitisha rangi hiyo tu, maana jua lina rangi zote na sehemu kubwa ya mwanga wake hubaki nje. Mwisho tuliifanya taa imweke kwa nguvu kwa muda mfupi sana, pamoja na shata, ili jua lisipate nafasi ya kukusanyika. Kesho yake alasiri ilipita kama asubuhi.

Hakuna sehemu ya mtambo huu inayopuuzwa kama taa, na hakuna inayoleta makosa mengi zaidi yake. Taa ya nyuma ni ya kupimia umbo. Taa ya kuba, inayomwaga mwanga pande zote, ni ya vitu vinavyong'aa kama mifuniko ya mikebe. Taa ya kulaza, inayopita chini chini juu ya uso wa kitu, huonyesha mikwaruzo na maandishi yaliyochongwa. Na ukitaka kujua urefu wa kwenda juu, ambao picha ya kawaida haiuoni, huangushwa mstari wa leza juu ya kitu, kamera ikautazama kwa pembe, na kupinda kwa mstari kukahesabiwa kuwa kimo.

Waya na programu

Picha moja ya kihisi cha pikseli 2,448 kwa 2,048 ni namba milioni 5. Kwa waya wa Etherneti wa gigabiti 1, unaobeba takribani megabaiti 120 kwa sekunde, hiyo ni kama picha 24 kwa sekunde. Kiwango kiitwacho GigE Vision kilichotoka mwaka 2006 ndicho kilichoruhusu kamera kutumia waya huo wa kawaida wa mtandao, na unaweza kufika mita 100, umbali unaotosha viwanda vingi. USB3 Vision, ya mwaka 2013, ina kasi kubwa zaidi lakini waya wake wa kawaida ni wa mita chache tu. Kwa kasi kubwa mno kuna Camera Link na CoaXPress.

Juu ya hayo kuna GenICam, ambayo ni lugha ya pamoja ya kuiamrisha kamera. Inamfaa mnunuzi: kamera inayoifuata inaweza kubadilishwa na ya kampuni nyingine bila kuandika programu upya. Na kuna kiwango cha EMVA 1288, ambacho hueleza namna moja ya kupima uwezo wa kamera, yaani kelele yake na wepesi wake wa kuona mwanga hafifu, ili kamera mbili zilinganishwe kwa haki badala ya sifa za tangazo.

Kusoma si kupima

Tutenganishe kazi mbili. Kamera inayosoma namba ya kontena inafanya kazi ya kusoma. Namba hiyo hufuata kiwango cha ISO 6346: herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya mwisho ya ukaguzi. Kila herufi ina thamani yake, thamani huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, jumla hugawanywa kwa 11, na kinachobaki lazima kilingane na ile tarakimu ya mwisho, ambapo 10 huandikwa 0. Kamera ikisoma 8 mahali pa 3, mara nyingi hesabu itakataa na mtu ataitwa kutazama.

Kamera inayopima haina tarakimu ya mwisho. Ikisema nafasi ni milimita 1.4, hakuna ndani ya picha kinachoweza kuikanusha. Anayeweza kuikanusha ni kipimo kingine kilicho nje yake tu.

Kutoka pikseli hadi milimita

Kazi ya kuifunga kamera kwenye kipimo cha nje huitwa kalibresheni. Huwekwa mbele yake bamba lenye miraba kama ya ubao wa drafti, au nukta, ambayo ukubwa wake umepimwa kwa usahihi. Programu huona miraba imepindishwa vipi na lenzi, ikahesabu namna ya kuinyoosha, na ikajua pikseli moja ni milimita ngapi. Njia inayotumika sana ilichapishwa mwaka 2000 na Zhengyou Zhang, na imo ndani ya OpenCV, programu ya bure iliyoanzia kampuni ya Intel mwaka 1999.

Lakini bamba lenyewe limepimwa na nani? Hapo ndipo mnyororo unapofika kwa maabara za vipimo za taifa, na kwetu Kenya ni Shirika la Viwango, KEBS. Bamba lisilo na cheti ni sawa na jiwe la mizani uliloliokota njiani.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kamera. Walipima nafaka kwa pishi na kibaba, vibaba vinne kwa pishi moja, na mnunuzi hakuridhika kuambiwa kibaba tu. Aliuliza: cha tele au cha mfuto? Cha tele kilifurika juu ya ukingo, cha mfuto kilikatwa sawa na ukingo. Chombo ni kilekile, mchele ni uleule, na tofauti ilikuwa ya haki. Kizingiti cha programu ndicho mkono unaokata kibaba. Anayekiweka akikisogeza ngazi chache, korosho ya daraja la kwanza huwa ya pili, na hakuna anayesikia sauti yoyote.

Joto, unyevu na chumvi

Kamera nyingi hutengenezwa na kujaribiwa nchi za baridi. Pwani yetu ina mambo yake. Alumini hutanuka mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Mkono wa alumini wa nusu mita unaoshika kamera, ukipanda nyuzi 10 toka alfajiri hadi adhuhuri, hurefuka zaidi ya milimita 0.1. Kwa anayepima nazi si kitu, kwa anayepima kifaa cha gari ni kikubwa.

Unyevu hukaribisha ukungu ndani ya lenzi, nao ukishaota hula tabaka la kioo na picha huwa ya maziwa. Kamera ikitolewa chumba chenye kiyoyozi ikapelekwa ghafla kwenye joto, maji hujiganda juu ya kioo. Hewa ya bahari huleta chumvi inayotafuna vichwa vya waya. Nunua kasha lililozibwa dhidi ya vumbi na maji, weka chembe za kunyonya unyevu ndani yake, na zifute lenzi kwa utaratibu, si kwa ncha ya kikoi.

Maswali ya kuuliza

Mwenye kiwanda anayetaka kununua, mfanyakazi anayehukumiwa kwa ripoti ya kamera, na mkulima ambaye mavuno yake yanapangwa madaraja na mashine, wote wana haki ya kuuliza haya:

1. Pikseli moja ni milimita ngapi, na kosa linaloruhusiwa ni kiasi gani?
2. Kamera ilikalibreshwa lini mara ya mwisho, kwa bamba gani, na cheti chake kiko wapi?
3. Kizingiti ni kipi, nani anaruhusiwa kukibadilisha, na kila badiliko linaandikwa?
4. Kitu kilekile kikipitishwa mara 30, kinatoa jibu lilelile?
5. Mwanga wa nje umezuiwa vipi?
6. Vilivyokataliwa vinawekwa wapi, na picha zake zinahifadhiwa ili vipimwe tena kwa mkono?

Mizani ya muuza nyama sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, kwa kuwa serikali ilijua zamani kwamba anayeshika kipimo anashika riziki ya mwenzake. Sioni kwa nini jicho la mashine linalokata bei ya korosho za mtu wa Kilifi liulizwe maswali machache kuliko mizani ya nyama.

Kwa vijana wetu

Kazi hii haihitaji kusafiri ng'ambo ili uianze. OpenCV ni ya bure. Chapisha ubao wa drafti kwenye karatasi, ubandike juu ya ubao ulionyooka, tumia kamera ya kompyuta ya bei ndogo, na taa ya meza. Pima sarafu ya shilingi 10 mara 30, kisha fungua dirisha upime tena. Ukiona namba zimebadilika na ukaweza kusema kwa nini, umeshajua jambo ambalo yule msimamizi hakulijua.

Yule kijana yuko kazini mpaka leo, na barua ya onyo iliondolewa kwenye faili lake. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini pale kiwandani aliyekuwa na macho alitazama ripoti tu. Siku hizi kijana mwenyewe ndiye anayeweka bamba mbele ya kamera kila asubuhi na kila alasiri, na huandika namba kwenye daftari kwa kalamu. Mara ya mwisho nilipopita alinionyesha ukurasa mmoja na kuniambia, "Ami, tazama, hapa taa imeanza kufifia." Ilikuwa kweli. Tuliibadilisha kabla ya chupa moja kutupwa bure.